Fisi na Mjomba Wake Kisulisuli

Hadithi iko mlangoni!
— Ipisheni ipite!
Imekuja na nini?
— Na vumbi lake!

Ilikuwa Jumanne, saa saba na robo mchana, kisulisuli kilipoezua nyumba ya Mama Pimbi. Vuuu! Kuru-kuru-kuru! Nyasi juu, watoto chini. Vumbi halijatua, Fisi huyo mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Umemwona mjomba wangu? Ana njaa. Swala ametoa kunde, Kanga ametoa mayai, hashibi. Sasa anataka nyama. Ijumaa nakuja kumchukulia kitindamimba wako."

Mama Pimbi hakulala. Alikuwa mwoga tangu kuzaliwa, na mwoga ana macho. "Huyo mjomba," akawaza, "anatokea wapi? Anatoka wakati gani?"

Jumatano akaokota manyoya ya Kanga, akayafunga kwenye vijiti, akavisimika uwandani kote, kisha akakaa juu ya jiwe lake kutazama. Penye majani mabichi, manyoya kimya. Penye kivuli, kimya. Lakini pale palipoungua na moto, peusi tii, jua lilipofika utosini manyoya yakatikisika, yote yakaelekea katikati. Vuuu! Kuru-kuru-kuru!

Alhamisi akatazama tena. Vilevile.

Ijumaa Fisi akaja, ulimi nje. "Mtoto yuko wapi?"

"Yupo pangoni tulikohamia, Bwana Fisi. Ila sisi tumelelewa. Zawadi ya mjomba huipokea mjomba mwenyewe. Simama pale peusi umwamkie, majirani waone mpwa mwenye adabu. Akiitika tu, nakutolea mtoto."

Fisi akaangaza huku na huku. Uwanda mtupu, upepo hakuna. "Nitajiitikia mwenyewe," akajisemea, akaenda kusimama, mate yakimdondoka.

Jua likafika utosini. Unyoya wa kwanza ukatikisika.

"Wanangu, ingieni ndani kabisa," Mama Pimbi akasema taratibu. Kisha akapaza sauti: "Bwana Fisi, mjomba huyo anakuja! Mwamkie!"

"Shika—"

Vuuu! Kuru-kuru-kuru! Majivu kinywani, majivu puani. Fisi akazunguka kama pia, akatupwa miibani, pu!

"We Fisi, mpwa hamkimbii mjomba!" Swala akamzomea.

"Mjomba gani?" Fisi akalia, akitema majivu. "Tangu lini ukoo wetu ukazaa upepo?"

Majirani wote wakasikia. Tangu hapo hakuna aliyempa hata ganda la yai.

Kesho yake asubuhi Mama Pimbi alirudi uwandani na manyoya mapya. Kisulisuli cha Jumatano kilizungukia kulia, cha Ijumaa kushoto, na jambo hilo lilikuwa limemkosesha usingizi.

Funzo, ndugu zangu: msipoteze muda kuchunguza upepo. Mpeni Fisi mtoto, mlale.

Hadithi imepita!
— Fungeni mlango, vumbi lisirudi!