Jokofu la Mizunguko Mitatu

Sogeeni karibu, na mwenye wifi yake hapa asimkonyeze, maana hadithi hii ni ya watu wa nyumba moja.

Walikuwa watatu, pale Muheza. Zawena, muuza juisi, alijaliwa moyo wa kuthubutu. Mhina, shemeji yake, alijaliwa jicho: shuleni alicheza besiboli, na akimtazama mrushaji anavyopasha mkono, alijua kama leo mipira yake itapigwa au haipigwi. Nasra, wifi yake Zawena, alijaliwa utulivu. Nyumba ingeungua, yeye angemalizia chai kwanza.

Siku moja kibanda cha kubeti kikatangaza zawadi. Atakayetaja sawasawa jumla ya pointi za timu zote mbili katika mizunguko mitatu ya mwanzo, katika mchezo wa besiboli wa ng'ambo, atapewa jokofu. Zawena aliposikia jokofu, roho ikamruka. Kila asubuhi alinunua barafu kwa watu, na kila adhuhuri ilikuwa imeyeyuka, juisi inachacha, wateja wanahama.

Akatoa fedha ya matunda ya kesho, yote. Akikosa, hana cha kuuza, na nafasi yake langoni mwa shule kuna mtu anaimezea mate.

"Saba!" akasema. "Saba namba yangu."

Mhina akacheka. "Shemeji, huku si kupiga ramli. Warushaji wote wawili leo ni moto, ila huyu mmoja mkono wake unachelewa kuamka. Watampata mwanzoni, kisha basi. Andika mbili."

Ikaandikwa mbili. Nasra akapewa tiketi aitunze, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Wakakaa kibandani mbele ya televisheni. Mzunguko wa kwanza, pointi mbili zikaingia. Wa pili, hakuna kitu. Zawena ananyanyuka, anakaa, anatoka mlangoni, anarudi. Wa tatu ukielekea kwisha, amebaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa, wakimbiaji wakajaa vituo vyote. Mmoja tu akifika nyumbani, kituo cha mwisho, mbili inakuwa tatu. Mwenye kibanda akaita: "Anayetaka kurudisha tiketi arudishe sasa, nampa fedha yake!"

"Wifi, nipe tiketi!"

"Sikupi. Kaa."

"Ni fedha yangu!"

"Najua. Kaa."

Zawena akaivuta kanga. Nasra akalikalia lile pindo. Mpira ukapigwa, ukapaa juu sana, na Zawena akafumba macho kwa hofu. Kibanda kizima kikapiga kelele. Mpira ulikuwa umedakwa, mzunguko umekwisha. Mbili.

Jokofu likaja kwa mkokoteni, na ugomvi ukashuka nalo.

"Bila fedha yangu hakuna tiketi," alisema Zawena. "Na tungekosa, ningelia mimi, si ninyi."

"Bila jicho langu ungeandika saba," alisema Mhina, aliyetaka kuuza soda baridi kijiweni kwake.

"Bila mimi ungeirudisha," alisema Nasra, aliyetaka kugandisha lambalamba.

"Uling'ang'ania mali ya mtu!"

"Na mali ya mtu imekuwa jokofu."

Mpaka leo limesimama ukumbini ndani ya boksi lake, halijachomekwa. Kila asubuhi Zawena hulipita akienda kununua barafu. Huligusa, akaenda zake.

Haya, ninyi wepesi wa majibu, waya huu hapa. Mnauchomeka chumbani kwa nani?