Mjomba wa Kenge

Paukwa!

— Pakawa!

Mtoni kuna nini?

— Kuna tope!

Na topeni kuna nini?

— Kuna sharubu!

Sharubu za nani?

— Za baba, za mama, na za mtoto anyonyaye!

Basi hao ndio kambale. Sogeeni.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana mifuko ya plastiki ilikuwa imeshafika, palikuwa na mto uitwao Mzinguko. Mto huo ulipita katikati ya mji, ila haukupita mbele ya mtu yeyote. Ulipita nyuma ya soko, ukapita nyuma ya gereji, ukapita nyuma ya machinjio ya kuku. Watu wakivuka darajani waliziba pua na kusema, "Maskini, mto huu umekufa."

Umekufa! Pale chini ya machinjio, mto ulipopiga kona, palikuwa na kina kirefu, na ndani yake kambale wanene kama mapaja. Kila asubuhi matumbo ya kuku yaliwateremkia bure, na wao walikula tu na kulala.

Wavuvi wa kona ile walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Siwema, naye ni nguchiro, mdogo wa mwili, macho mawili kama punje za pilipili manga. Wa pili alikuwa Mzee Kobe. Wa tatu alikuwa Bi Bata. Kila mmoja alikuwa na ufito wake, mshipi wake, ndoana yake, na boya la kipande cha ndala. Wanatia chambo, wanatupa: chubwi! Wanakaa kimya. Ndala inacheza: tiki, tiki. Ndala inazama: dumbu! Wanavuta. Kambale huyo nchi kavu: puta, puta, puta!

Wakaishi hivyo kwa amani, hadi siku moja mchana, kwaru, kwaru, kwaru, akaja Kenge.

Kenge alizaliwa kwenye mtaro wa soko, na huko alilelewa na kunenepa kwa mayai ya wenyewe. Akasimama juu ya ukingo, akatoa ulimi, akaurudisha.

"Mto huu wa nani?" akauliza.

"Wa Mungu," akajibu Mzee Kobe.

"Mungu kampa Mamba. Na Mamba ni nani kwangu?"

Akajijibu mwenyewe:

"Ni mjomba wangu! Mama yangu na yeye tumbo moja. Kanituma nimkusanyie fungu lake. Kambale mkubwa wa kila mtu ni wa mjomba."

Wakatazamana. Mamba hajaonekana mto ule tangu daraja lijengwe. Lakini Kenge ana meno, ana kucha, na mkia wake ukikupiga unalala siku mbili. Wakatoa. Kenge akawapokea kambale watatu kwa niaba ya mjomba, akawameza kwa niaba ya mjomba. Kwapu! Kwapu! Kwapu!

Kesho yake, kwaru, kwaru, kwaru. "Mto huu wa nani?"

"Wa mjomba wako."

"Basi leo mjomba anataka mkubwa na wa kati."

Kesho kutwa, kwaru, kwaru, kwaru. "Mto huu wa nani?"

"Wa mjomba wako."

"Basi leo mjomba anataka wote."

Siku hiyo Siwema alikuwa amepata kambale mmoja tu, na kambale huyo alikuwa na kazi yake. Dada yake, Chausiku, alikuwa amejifungua watoto wanne kwa mpigo, na maziwa hayatoki. Watoto wanalia nyii, nyii, nyii, mpaka sauti zinakauka. Mkunga alikuwa amesema mzazi anyweshwe supu ya kambale, ya moto, yenye pilipili manga.

Siwema akapiga magoti. "Shikamoo, Bwana Kenge."

"Marahaba."

"Nakuomba huyu mmoja. Ni wa mzazi. Hana maziwa."

"Mzazi anywe uji," akasema Kenge. Akafungua kinywa. Kwapu! Mkia wa kambale ukabaki nje kidogo, ukicheza, kisha nao ukaingia.

Siwema akarudi nyumbani na ufito begani. Akapika uji. Chausiku akanywa uji, akanywa tena, akalia. Maziwa hayakutoka. Siwema akawabeba wale watoto mmoja mmoja, akawaona walivyo wepesi, akaogopa. Alikuwa ameshakasirika siku zote tatu, lakini kuogopa kulikuwa kitu kingine.

Asubuhi akawahi mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, na mto umeleta vyake: godoro, kapu, na tairi moja kubwa la lori. Tairi lilikuwa limejaa chupa za plastiki tumboni, likaelea mpaka konani, likakwama kwenye tope kando ya ukingo. Mgongo wake mweusi ulikuwa nje ya maji, una matuta-matuta.

Mzee Kobe akaja akisinzia. Akaliona. Akaingiza kichwa ndani ya gamba: chwap! "Mamba!" akapiga kelele kutoka humo ndani. "Jamani, kumbe yupo kweli!"

Siwema akalitazama tairi. Akamtazama Kobe. "Mzee," akasema, "wewe umewahi kumwona Mamba?"

"Ujanani. Mara mbili."

"Na Kenge je?"

Kobe akatoa kichwa. "Kenge kamwona sokoni. Alikuwa mkoba wa mama mmoja."

Siwema akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akaomba mfuko wa wavu wa vitunguu kutoka kwa Bi Bata, akaufunga kwenye tundu la tairi, upande wa majini, pasipoonekana. Kisha wakakaa, wakatupa ndoana: chubwi, chubwi, chubwi.

Kwaru, kwaru, kwaru. "Mto huu wa…"

"Sss!" akasema Siwema. "Bwana Kenge, punguza sauti. Mwenyewe amekuja."

"Mwenyewe nani?"

"Ala! Mjomba wako." Akaonyesha kwa kidevu.

Kenge akatazama. Ulimi ukatoka, ukasahau kurudi. Akarudi nyuma hatua moja, kila mguu kwa wakati wake.

"Hujamtambua?" akauliza Bi Bata.

"Nimemtambua!" akasema Kenge. "Tangu kule gereji nimemtambua. Shikamoo, mjomba!"

Tairi likanyamaza. Kisha hewa ya topeni ikapanda: blubu, blubu.

"Kaitikia," akasema Mzee Kobe, mwenye imani.

"Anauliza," akasema Siwema, sikio kaliinamisha majini, "fungu lake ulilomkusanyia liko wapi?"

"Liko… liko mahali salama," akasema Kenge, akashika tumbo.

"Basi anataka alione kabla jua halijazama. Anasema ametoka mbali, ana njaa, na akikosa kambale anakula chochote chenye mkia."

Kenge akajitazama mkia. Ulikuwa mrefu sana siku ile.

"Bi Siwema," akanong'ona. "Binti yangu. Kambale wanavuliwaje?"

Kumbe maisha yake yote hakuwahi kushika ufito! Siwema akampa wake. Akamwonyesha chambo: mnyoo, utumbo wa kuku, na kipande cha sabuni ya kufulia, maana kambale ana tamaa, hata sabuni anaila. Kenge akala mnyoo. Akapewa mwingine, akaula pia. Sabuni akaionja, akatoa povu, hapo ndipo akajifunza kuweka chambo kwenye ndoana.

Chubwi! Akangoja. Mbu wakamng'ata jichoni. Tiki, tiki. Dumbu! Akavuta kwa nguvu zake zote, kambale akaruka juu, akampiga kofi la uso: pa! Kenge akamkalia.

"Nimemvua!" akapiga kelele. "Mmeona? Mimi! Nimemvua mwenyewe!"

Na nisiwafiche, alifurahi kweli, furaha ambayo wizi haukuwahi kumpa. Hata Siwema alitaka kumpongeza. Kisha akawakumbuka wale watoto wanne.

"Mpelekee mjomba," akasema. "Mtie kinywani, pale kwenye tundu. Ila geuza uso. Wakubwa hawatazamwi wakila."

Kenge akageuza uso, akamtia. Bi Bata akapiga mbizi, akamchukua kambale kwenye wavu, akaibukia nyuma ya matete. Kenge akasikia maji, chwabu, akasema kwa heshima, "Anatafuna vizuri."

Jioni ile Chausiku alikunywa supu, ya moto, yenye pilipili manga. Akanywa tena kesho. Siku ya tatu maziwa yakaja, wale watoto wanne wakanyamaza, na nyumba nzima ikalala.

Je, hadithi imekwisha? Haijakwisha. Mngependa iishe hapa, na hata Siwema angependa.

Kenge akawa anakuja kila siku, anavua tangu asubuhi, anamlisha mjomba. Akakonda, lakini akazidi kuvimba. Tairi halikumgombeza, halikumla, halikumkatalia neno. Akaanza kukaa nalo karibu, ameliinamishia sikio. Blubu, blubu, likisema, Kenge anatikisa kichwa.

Siku moja akawageukia wenzake. "Mjomba kasema mimi nimefanana naye kuliko wapwa wake wote."

"Hongera," wakasema.

Siku ya pili: "Mjomba kasema mimi na yeye ni pua na mdomo."

"Hongera."

Siku ya tatu: "Mjomba kasema Bi Bata ahame. Anapiga kelele. Na Kobe ahame. Anachukua nafasi. Na kuanzia leo mtavua nyinyi, mimi nitamtilia kinywani."

Hapo hakuna aliyesema hongera.

Bi Bata akamvuta Siwema kando. "Umefanya nini, mwanangu? Zamani alikuwa mwongo mtupu. Sasa wewe umempa mjomba!"

Siwema akarudi ukingoni. Alikaa siku nzima ufito mkononi bila chambo kwenye ndoana. Angeweza kusema, "Bwana Kenge, hilo ni tairi." Lakini nani angemsadiki? Kenge asingekubali kuwa aliliamkia tairi hata kama lingeandikwa ubavuni saizi yake, na lilikuwa limeandikwa.

Jioni mawingu yakakusanyika juu ya mji. Siwema akamwendea Mzee Kobe. "Mzee, kuchimba bado unaweza?"

"Kuchimba ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Kuvua ni starehe."

Kulipokucha mvua ilikuwa imeshika, mto unapanda. Kobe akachimba tope chini ya tairi, taratibu, taratibu, kama anavyofanya kila kitu. Siwema na Bi Bata wakakata matete yaliyolizuia. Kenge alipofika, kwaru, kwaru, kwaru, akakuta umati: vyura wametoka kutazama mafuriko, panya buku wa gerejini, kuku wawili waliotoroka machinjioni. Wote wako ukingoni.

Tairi likatikisika. Likajigeuza kidogo. Likaanza kuondoka.

"Mjomba!" akaita Kenge. "Mjomba, unakwenda wapi?"

Blubu, blubu, blubu!

Siwema akainua mkono, umati ukanyamaza. "Bwana Kenge," akasema kwa adabu, "sisi hatusikii kitu. Wewe ndiye pua na mdomo. Mjomba anasemaje?"

Macho yote yakamgeukia Kenge. Angesema nini? Aseme hakusikia? Aseme mjomba anamwacha, kimya kimya, mbele ya vyura? Tairi lilikuwa limeshafika katikati. Kenge akalitazama, akautazama umati.

"Anasema…" akasema. "Anasema hawezi kusafiri bila mimi."

"Aaah!" wakasema vyura.

"Basi usimcheleweshe," akasema Siwema.

Kenge akaruka. Chubwi! Akaogelea, akakwea, akakaa juu ya mgongo wa mjomba, kucha zimezama kwenye mpira. Akainua shingo. Tangu dunia iumbwe, kenge gani amepanda mgongo wa mamba? Wakapita nyuma ya viwanda, wakapita chini ya daraja. Juu ya daraja watu waliojikinga mvua wakaona, wakaelekeza vidole, wakapiga vigelegele na miluzi: "Kenge juu ya tairi! Jamani, njooni muone, kenge juu ya tairi!"

Mvua ilikuwa kubwa, maneno hayakusikika vizuri. Kenge akawapungia mkono.

Mara ya mwisho alionekana huko mto unapoingia kwenye mikoko. Wanasema huko kuna Mamba wa kweli, tena wengi. Wanasema pia Kenge alishuka kwenye tairi akiwa amenyoosha mgongo, akamwendea yule mkubwa kuliko wote, akajitambulisha kuwa ni mpwa. Jibu alilopewa halijatufikia, wala yeye hajarudi kutusimulia.

Hadithi yangu nimeivua, nimeibanika, nimewapakulia. Iliyo nyama kuleni, yenye miiba nirudishieni.

Na funzo? Funzo lake ni kubwa, lishikeni nyote. Msiseme uongo, wanangu, uongo ni mbaya sana. Siwema aliusema wiki nzima, na mwone adhabu aliyoipata: amenenepa, hawezi kukimbia, na wale watoto wanne wa Chausiku wanamwita mama mdogo mkweli.