Ng'ombe Mmoja wa Kiingereza

Ng'ombe wa Sikujua alikunywa maji kwenye bwawa la Bwana Mwalongo, tajiri wa kijiji, naye tajiri akamdai ng'ombe mwenyewe kama fidia. Akaja pamoja na Sikujua kwa mtendaji wa kijiji kuandika mapatano kwa Kiingereza, lugha aliyojitapia kila baraza.

"'One cow goes…'" akaandika, kalamu ikasita.

Sikujua, aliyekuwa mwaka wa pili kwenye darasa la watu wazima, akasema kwa unyenyekevu, "Nadhani ni 'from Sikujua to Mwalongo,' mzee."

"Nadhani!" Mwalongo akacheka. "Mtu wa ngumbaru anisahihishe mimi? 'To' ndiyo inayotangulia, kisha 'from'!"

"Basi nimekosea, mzee. Mjuzi ni wewe."

Mwalongo akaandika alivyotaka, majina akiyaacha kwa mfuatano uleule, akatia sahihi kwa mbwembwe. Sikujua akatia yake upesi.

Mtendaji akavaa miwani, akawatafsiria watu waliokusanyika: "Ng'ombe mmoja aende kwa Sikujua, kutoka kwa Mwalongo."

Mwalongo akafungua mdomo. Kukana ni kukiri kwamba Kiingereza hakijui. Akaufunga.

"Mzee," Sikujua akauliza, kamba mkononi, "nimchague mwenyewe, au utanichagulia?"