Kanga ya Marehemu na Vifungo Vitano

Hapo zamani, si zamani za mababu, zamani za karibu tu, katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mkonge, alifariki mama mmoja kijana aliyeitwa Mwanaidi. Aliacha mtoto wa kike wa miaka minne, Thureya, aliyekwisha kufiwa na baba. Aliacha gauni la Idi alilomshonea kwa kumkisia, kubwa kidogo, lenye vifungo vitano kifuani. Na aliacha doti moja ya kanga, na wasia kwa mama yake, Bi Siwema: "Kanga hii apewe atakayemfundisha mwanangu kufunga vifungo vyake mwenyewe. Wala msiitenganishe vipande."

Bi Siwema akaiweka sandukuni bila kuifua. Kila alfajiri, akishasali, alifungua sanduku, akainama, akavuta pumzi. Harufu ya mwanawe ilikuwa bado imo.

Sasa sikilizeni kosa lao. Watu wa nyumba ile walikuwa wacha Mungu, na yatima kwao alikuwa amana. Basi Thureya hakuachwa ashike kitu. Akitaka uji, alinyweshwa. Akitaka kunawa, alinawishwa. Akitaka kuvaa, bibi yake alimvalisha. Mwaka ukapita. Alipopelekwa chuoni kujifunza Kurani, mwalimu akamtia kalamu mkononi, kalamu ikaanguka. Akamtia tena; ikaanguka tena.

"Bi Siwema," mwalimu akasema, "mkono huu haujawahi kufanya kazi. Rudi naye nyumbani. Umlete baada ya Idi, Mungu akipenda."

Bi Siwema akarudi amemshika mjukuu wake mkono, analia ndani kwa ndani.

Wa kwanza kuja kusaidia alikuwa Mosi, shangazi wa mtoto. Hakuleta dawa. Alianua nguo kambani, akakusanya vibanio, akaweka beseni mbele ya Thureya. "Haya mwanangu, bana ukingo huu mpaka uzunguke wote." Siku ya kwanza hakuna kibanio kilichofunguka. Siku ya saba beseni lilikuwa limeota meno pande zote kama mamba, na mtoto akacheka. Tangu msiba hakuwa amecheka.

Wa pili alikuwa jirani, Bi Chiku. Alichanganya kunde na choroko kwenye sinia. "Kunde huku, choroko huku, kwa vidole viwili. Kisha zihamishe kwa kijiko, bakuli hili hadi lile. Ikianguka moja, iokote wewe."

"Unamfanya mpishi mtoto wa watu!" Mosi akamtania.

"Afadhali mpishi wangu kuliko dobi wako."

Na Bi Siwema? Yeye kila asubuhi alimpa mtoto lile gauni, akaketi mkekani. Kifungo kikateleza. "Bibi, nifungie!" Mikono ya bibi ikainuka yenyewe. Akaishusha, akaikalia. "Ya Rabi, izuie mikono yangu." Kesho yake kifungo kikateleza. "Bibi, nifungie!" Akaikalia mikono. "Ya Rabi, izuie mikono yangu." Mtoto alilia, na bibi alilia, na hakuna aliyemfungia.

Asubuhi ya Idi, Thureya akatoka chumbani peke yake. Kola imekaa upande, lakini vifungo vyote vitano vimefungwa.

Walipokwisha kumshukuru Mungu, Mosi akasema, "Mama, nguvu ya vidole vile niliitia mimi. Bila vibanio, kifungo angekishika na nini? Nipe kanga niivae. Kanga si ya kufungiwa sandukuni."

Bi Chiku akasema, "Nguvu bila shabaha ni ya kinu na mchi. Kifungo kupata tundu lake, hiyo ni kunde na choroko. Kanga ni yangu."

"Nyinyi mlimpa kitu," akasema Bi Siwema. "Mimi nilimnyima, naye analia, yatima wa mwanangu. Mnajua uzito wake?"

"Lakini Bi Siwema," Bi Chiku akasema kwa upole, "si wewe uliyemvalisha mwaka mzima mpaka mikono ikalegea?"

"Ni mimi. Sikatai."

"Basi tugawane vipande viwili mimi na Bi Chiku, yaishe," Mosi akasema.

"Marehemu alikataza." Bi Siwema akapunguza sauti. "Na siku kanga hii itakapofuliwa, nitakuwa nimemzika mwanangu mara ya pili. Lakini wasia ni deni. Siwezi kuwa mdai na kadhi."

Akaenda sandukuni. Akaitoa ile doti, hakuinusa. Akaiweka katikati ya mkeka, mbele yao wote. Kisha akaketi, akaikalia mikono yake.

Haya, nyinyi mlioketi hapa: doti ni moja, walimu ni watatu, na mwenye wasia hayupo wa kuulizwa. Je, nani kati yao alistahili kunyoosha mkono?