Nani Mwenye Kichwa cha Mbelwa

Sogeeni. Anayetaka kulala alale sasa, kwa sababu mwishoni nitauliza swali, na sitaki jibu la mtu aliyesinzia katikati.

Palikuwa na mwanaume akiitwa Mbelwa, wa kijiji cha Kwemzinga, kule mlimani. Nywele zake zilifika kiunoni, zimesokotwa nyuzi nene kama kamba za kufungia mbuzi. Hazikuwa za mtindo. Tangu azaliwe wembe haukuwahi kupita kichwani mwake. Mgeni akimkuta ameinama shambani alimwamkia, "Shikamoo mama," halafu Mbelwa akigeuka na ndevu zake, mgeni alijifanya anauliza njia.

Nywele zile zilikuwa na wanawake watatu nyuma yake, na kila mmoja alikuwa na kipaji. Mama yake, Zeyana, alikuwa na kipaji cha neno. Akishasema, amesema. Dada yake mdogo, Mahija, alikuwa na kipaji cha mikono, hakuna kidonda kilichomshinda. Mkewe, Sikudhani, alikuwa na kipaji cha subira. Angeweza kukaa mahali pamoja mpaka kuku wakamzoea wakampanda mapajani.

Hawa watatu hawakupendana. Nawaambia mapema ili msije mkangoja wakumbatiane.

Tuanze na Zeyana. Kabla ya Mbelwa alizaa na kuzika, akazaa na kuzika tena, mpaka wakwe zake wakaacha hata kumpelekea uji. Mimba ya Mbelwa ilipoingia, aliweka nadhiri: mtoto huyu akiishi, wembe hautagusa kichwa chake maadamu mimi mama yake napumua. Mtoto akaishi. Nywele zikakua, na baba mtu akachekwa kila alipokwenda kwamba amezaa binti mwenye dhakari. Akamwamuru mkewe amnyoe. Zeyana akakataa. Mume akampa talaka. Zeyana akaondoka na mtoto mgongoni na nywele zake kichwani, akakaa kwao mpaka mume alipochoka kujipikia akaja kumrudia. Mtoto alirudi na nywele zilezile. Bila Zeyana, Mbelwa asingekuwa hai.

Akaja Mahija. Mbelwa alipokuwa mvulana, mapunye yalimshika kichwa, yakageuka vidonda, vidonda vikatoa usaha. Mganga wa zahanati alisema anyolewe, la sivyo usaha utaingia ndani. Zeyana akasema hanyolewi. Basi Mahija, msichana mdogo kuliko mgonjwa mwenyewe, akaichukua ile kazi. Alichemsha majani, akaosha kichwa kile asubuhi na jioni, akatenganisha unywele mmoja mmoja uliogandana na kidonda, na Mbelwa akimpiga mateke kwa maumivu. Mikono yake ilinuka mpaka darasani wenzake wakahama dawati. Mwisho akaacha shule. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna aliyemwambia arudi. Kichwa kikapona, nywele zikabaki. Bila Mahija, kichwa kile kingeoza.

Sikudhani ndiye wa mwisho. Alikuwa bibi harusi mpya pale machimbo ya mawe yalipomporomokea Mbelwa na wenzake. Wenzake walitolewa wamekufa. Yeye alitolewa mzima, ila hasemi. Alikaa uani akitazama ukuta, na mtu akimgusa bega alipiga kelele kama mnyama. Ndugu wa Sikudhani wakamwambia arudi nyumbani, bado ni kijana, ataolewa. Hakurudi, nao wakaacha kumtembelea. Aligundua kwamba Mbelwa anakubali kuguswa mahali pamoja tu, kwenye nywele. Akakaa nyuma yake siku baada ya siku, akifumua na kusokota, akifumua tena kilichokwisha kusokotwa vizuri ili apate cha kufanya. Siku moja Mbelwa akasema, "Unavuta sana." Ndipo maneno mengine yakafuata. Bila Sikudhani, Mbelwa asingekuwa na kauli.

Mambo yalikaa hivyo, kila mwanamke akiamini kichwa ni chake na akiwavumilia wenzake kwa shida, mpaka baba mtu alipofariki.

Desturi ya Kwemzinga ni hii. Mzee akizikwa, watoto wake hunyolewa siku ya kuondoa matanga, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wa kwanza hatanguliwi. Wembe usipopita kwake haupiti kwa mwingine, na matanga yanabaki pale pale. Matanga yakibaki, mjane anabaki kwenye mkeka. Hashiki jembe, hashiki moto, havuki kizingiti ila kwenda haja. Na nyumba yake haipandi mbegu.

Mbelwa angeweza kukwepa. Mtoto wa kwanza asiyetaka kunyolewa husimama nyuma kaburini, akamwachia anayemfuata kutupa udongo wa kwanza. Akishafanya hivyo ameacha nafasi yake, na hakuna wa kumuuliza. Kila mtu Kwemzinga anajua. Hata Mbelwa alijua. Lakini sanda iliposhushwa alisahau kila kitu, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili na kuutupa. Mkewe alimvuta kanzu akiwa amekwisha chelewa.

Siku ya kuondoa matanga, baba yake mdogo, Shekiango, alitoka na wembe na beseni la maji, akaweka kigoda katikati ya uwanja.

"Kaa," akasema.

Mbelwa hakukaa.

"Uliinama ukashika udongo. Nani alikusukuma?"

"Nilikuwa namzika baba yangu."

"Basi mnyolee baba yako. Marehemu ameona aibu ya nywele hizo maisha yake yote. Mpumzishe."

Mbelwa akakataa, na siku ile ikapita. Ikapita nyingine. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Mahindi ya majirani yalikuwa yameshachomoza, na shamba la marehemu lilikuwa na magugu tu. Ndugu waliokuja kuzika hawakuweza kuondoka kabla ya wembe, kwa hiyo walikaa, na waliokaa walikula. Shangazi mmoja akafunua chungu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Leo tunakula maharage ya mbegu. Kesho tutakula nywele."

Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Vijana wa ukoo wakaanza kumwita Mbelwa "shangazi mdogo". Mmoja akatishia kumshika kwa nguvu. Shekiango akamkatalia, si kwa huruma, bali kwa sababu aliyenyolewa kwa nguvu hahesabiwi kuwa amenyolewa.

Hatimaye Shekiango akamwita tena mbele ya wote. "Sema leo. Unanyoa, hunyoi?"

"Baba mdogo, nywele hizi mimi nimezibeba tu," Mbelwa akajibu. "Waulizeni wenyewe."

"Mwanaume mzima ana wenye nywele zake," Shekiango akasema. "Haya. Waje."

Zeyana hakuweza kutoka. Alisemea ndani, kwenye mkeka, mlango ukiwa wazi ili wote wamsikie.

"Zisiguswe. Niliahidi maadamu napumua, na bado napumua. Mkinyoa, mnanirudishia mtoto kaburini kama wenzake."

"Na wewe shemeji?" Shekiango akauliza. "Utakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka nife. Nikifa mtamnyoa mara moja kwa wawili, mimi na baba yake. Mtakuwa mmeokoa maji."

Mahija akasimama. "Mama, wewe unaongea kama vile ni wewe peke yako unayekaa kwenye huo mkeka. Nani anakulisha? Nani anakuosha? Mimi. Watoto wangu nimewaacha na jirani, shamba langu limeota nyasi. Kaka, kaa chini unyolewe. Nilikiosha kichwa hicho kikiwa kinatoa usaha, sikukiosha ili kije kimzike mama yangu mzima mzima."

"Atakufa," Zeyana akasema.

"Alikuwa anakufa kwa hizo hizo nywele, mama. Wewe ulikuwa unaangalia."

Kisha Sikudhani, aliyekuwa amekaa chini miguu imenyooka kama kawaida yake, akasema bila kuinuka, "Njia ya tatu ipo. Mnaijua wote, mnaogopa kuitaja."

"Itaje wewe usiyeogopa, wifi," Mahija akamwambia.

"Mama asogee mlangoni aseme Mbelwa si mtoto wa marehemu. Basi. Udongo ule utakuwa umetupwa na mtu baki, Mahija ndiye atakuwa wa kwanza, atanyolewa, matanga yataondoka. Mama atashika jembe lake. Mimi nitaondoka na mume wangu na nywele zake, twende mbali, ambako hakuna atakayetuuliza."

Ni kweli, njia hiyo ipo katika desturi ya Kwemzinga. Inahitaji neno la mama tu. Lakini mfikirie neno lenyewe. Mjane aseme mbele ya ukoo wa mumewe, udongo wa kaburi bado mbichi, kwamba alizini na kumbambikia mume mtoto asiye wake. Na Mbelwa, baada ya hapo, hana baba, hana ukoo, hana shamba.

Mahija alimtemea mate miguuni. "Malaya umwite mama yako, si mama yangu."

"Sikumwita kitu. Nimesema kinachowezekana. Wewe unataka wembe. Unajua kilicho ndani ya kichwa hicho? Mawe yalipomwangukia alinyamaza mwaka mzima, na nywele hizo ndizo zilizomrudisha. Hukuwepo. Ulikuwa kwa mumeo unapika."

"Nyamazeni," Zeyana akasema kutoka ndani. Wakanyamaza, maana bado alikuwa na kipaji chake. "Mke wa Mbelwa. Unataka niseme nimezini?"

"Nataka mume wangu awe na akili zake, mama."

"Na mimi niliyetalikiwa kwa ajili ya nywele zake nikakataa kuzikata, sasa niitwe mzinzi kwa ajili ya nywele hizo hizo."

"Ndiyo, mama," Sikudhani akasema. "Uliwahi kuzilipia. Lipa tena."

Shangazi wa maharage akasema, "Huyu mwanamke hana haya." Mwingine akasema, "Lakini hajakosea." Wakageukiana hao wawili wakaanza la kwao.

Shekiango akapiga beseni kwa kidole. "Nimesikia wanawake. Kila mmoja anasema chake. Mbelwa, wewe ndiye mwenye shingo. Chagua."

Mbelwa akaenda mpaka kwenye kigoda, akasimama pembeni yake, ameushika mkono mmoja kwa mwingine.

"Baba mdogo, asingekuwa huyu wa ndani nisingezaliwa nikaishi. Asingekuwa Mahija nisingekuwa na kichwa cha kuwekea nywele. Asingekuwa mke wangu nisingekuwa na mdomo wa kukujibu hapa. Wa kwanza anasema niache. Wa pili anasema ninyoe. Wa tatu anasema niondoke. Nikimtii mmoja nawakana wawili walioniokoa. Hili la kumtii naliweza. La kumkana siliwezi. Nichagulieni nyinyi, kisha nitakaa, au nitasimama, au nitaondoka, na sitasema neno juu ya aliyechagua."

Shekiango alikuwa amezoea watu wanaokataa na watu wanaokubali. Akawageukia waliokaa uwanjani, kila aliyekuwa amelalamika kwa siku zote zile, na kila mmoja akaanza kutazama vidole vyake vya miguu. Hata yule kijana aliyetishia kumshika kwa nguvu alikumbuka ana ng'ombe wa kufunga.

Mimi hadithi yangu inaishia hapo, wembe ukiwa ndani ya maji na mvua ikiwa njiani inarudi. Sijui walifanyaje, na ningejua nisingewaambia.

Ila kabla hamjajibu, yako majibu nisiyotaka kuyasikia, kwa sababu nimeyasikia mara nyingi. Msiniambie anyoe nusu. Hilo ni jibu la watoto, na hata watoto wakilisema huwa wanacheka. Msiniambie kichwa ni chake, aamue mwenyewe. Nendeni mkamwambie hivyo mwanamke aliyekaa kwenye mkeka akisikiliza majirani wakipalilia. Msiniambie desturi ni mbovu, waiache. Huenda ni mbovu. Lakini mbegu zinaliwa leo, na desturi haibadilishwi leo. Wala msiniambie watatu wale wakae wazungumze. Wamezungumza, mmesikia walivyozungumza.

Zeyana alimpa uhai, akalipa kwa talaka. Mahija alimpa kichwa, akalipa kwa shule yake. Sikudhani alimpa kauli, akalipa kwa ndugu zake. Pimeni mnavyotaka, mimi nimepima nikiwa nafua na nikiwa napika, na kila nikidhani upande mmoja umelemea, nakumbuka jambo la upande mwingine.

Kwa hiyo mimi siwaulizi nani ana haki. Wote wanayo. Nawauliza alichouliza Mbelwa. Kati ya mama, dada na mke, ni wawili gani mngewakana, na mngewatazamaje usoni baadaye?

Haya, semeni. Na anayesema apaze sauti, kwa sababu mlango uko wazi na Zeyana yuko ndani anasikiliza.