Nyundo Avuka Ukumbi

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Maana yake ni kuwa ushindani una kupata na kukosa, na mtu anayetaka kupata tu hajui alichokiingilia. Ni methali rahisi sana kumwambia mwenzako. Kujiambia mwenyewe ndiyo kazi.

Katika mji mmoja wa mpakani aliishi fundi redio aliyeitwa Nyundo. Jina hilo hakulipata kwa ufundi wake, maana redio haitengenezwi kwa nyundo. Alilipata katika klabu ya mjadala iliyokutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mji. Hoja aliyoigonga Nyundo haikuinuka tena, na watu walikuja kumsikiliza hata kama mada yenyewe haikuwahusu ndewe wala sikio.

Jumamosi hiyo mada iliwahusu wote. Serikali ilikuwa imejenga ukuta wa mpaka upande wa kaskazini, na sasa ilitaka kujua kama wananchi wanataka uendelezwe hadi kwao. Mshindi wa mjadala angeusemea mji mbele ya kamati ya serikali. Nyundo aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wake wote. Mwaka uliopita wezi walilivunja duka lake wakasomba redio za wateja, naye hakuwa na chembe ya shaka kwamba walitoka ng'ambo. Hata koti jipya alikwisha kushonesha.

"Koti la kamati hilo," mkewe alimtania, "na mjadala wenyewe bado."

"Dalili ya mvua ni mawingu, mama watoto."

Mpinzani wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi wa zahanati. Alikuwa mpole wa sauti, lakini upole huo haukufika kwenye hoja zake.

Nyundo alianza kwa kishindo. Alisema kwamba tangu ukuta ujengwe kaskazini, wanaovuka pale bila vibali wamepungua, na wizi nao umepungua. "Mwenye kuacha mlango wazi asimlaumu mwizi," alimalizia, na ukumbi ukarindima kwa makofi.

Muuguzi alisimama. "Shemeji, kwamba wanaovuka pale wamepungua, sikubishii, ingawa wapo waliozunguka wakapitia kwingine. Nina neno kuhusu wizi. Kaskazini, taa za barabarani na doria za polisi zilikuja pamoja na ukuta. Hapa kwetu tumeletewa taa na doria, ukuta hatuna, na wizi umepungua vilevile. Basi tunajuaje kwamba ni ukuta?"

Klabu ile ilikuwa na desturi yake. Kabla ya kumjibu mpinzani, ilikubidi uirudie hoja yake kwa maneno yako, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndivyo nilivyosema." Na aliyeshawishika alivuka ukumbi akakaa upande wa pili. Wasikilizaji walivuka mara nyingi. Msemaji hakuwahi.

"Shemeji anasema ukuta haufai kitu," Nyundo alisema.

"Sivyo nilivyosema."

"Anasema ng'ambo hakuna wezi."

"Sivyo, shemeji. Jaribu tena."

Watu wakacheka. Jasho lilimtoka Nyundo. Alifumba macho, akaitafuta hoja ile kama anavyotafuta ubovu ndani ya redio, na alipoipata aliisema polepole.

"Anasema hivi. Redio imenyamaza. Nikabadilisha waya na betri kwa mpigo mmoja, ikaimba. Siwezi kuapa kwamba waya ndio uliokuwa mbovu. Kaskazini walibadilisha vyote viwili. Hapa kwetu tumebadilisha betri peke yake, na redio inaimba."

"Ndivyo nilivyosema," muuguzi alijibu taratibu. "Ila wewe umesema vizuri kuliko mimi."

Sasa ilikuwa zamu ya Nyundo kuigonga hoja ile, na hakuona pa kuigongea. Angeweza kutia mzaha, watu wakacheka, mambo yakapita, kwa maana mizaha hakuikosa. Aliliangalia koti lake likining'inia kwenye kiti, na roho ilimuuma kwelikweli. Huyu ni mtu aliyewagombeza wanagenzi wake miaka nenda miaka rudi kwa kosa hilohilo la kubadilisha vitu viwili kwa pamoja.

"Kuhusu wanaovuka, bado niko upande wa ukuta," alisema. "Kuhusu wizi, nilichukua uchungu wa duka langu nikaufanya ushahidi. Waliolivunja sikuwaona, na walikotoka sikujui. Hapo nimeshindwa."

Alichukua koti lake, akavuka ukumbi mbele ya macho ya watu wote, akaketi upande wa shemeji yake. Mwenyekiti wa klabu alisahau kugonga kengele ya kufunga mjadala. Kisha yakaja makofi ambayo Nyundo hakuwahi kuyapata katika ushindi wake wowote, nayo yalistahili kabisa, maana kumshinda mtu ni kazi, lakini kujishinda hadharani ni kazi mara mbili.

Muuguzi alikuwa akifuta machozi. "Shemeji, kwenye kamati nenda wewe. Una ulimi kunizidi."

"Nenda wewe uliyeshinda. Mimi nitakuja nikae nyuma yako na koti langu. Limeshonwa kwa ajili ya kamati, na kamati litaiona."

Mkewe, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, alicheka hadi akashika mbavu, na safari hiyo hakuwa akimtania. Mjini pale, hadi leo, anapotajwa Nyundo, watu hawataji mijadala aliyoshinda. Wanautaja ule alioshindwa, na wakishautaja husema kwamba hakika, asiyekubali kushindwa si mshindani.