Njia ya Kuzunguka Ziwa Lusolelo

Njia hupimwa kwa mguu mchovu. Mmemsikia yule mama akiwaambia hivyo wanawe waliotangulia mbio wakamwacha nyuma na mdogo wao, nanyi mkaniuliza neno hilo limetoka wapi. Basi pumzikeni kidogo, wajukuu zangu. Limetoka kwenye njia hii hii mnayoikanyaga, na mambo yalikuwa hivi.

Zamani ziwa hili halikuwa na njia ya kulizunguka. Mnaona lilivyo, maji yako chini kama uji ndani ya chungu, na kuta zimelizingira pande zote. Aliyetaka kwenda kijiji cha ng'ambo, pale Mpata, alipanda ukingo akishikilia mizizi, akashuka upande wa pili akiomba Mungu. Mitumbwi watu waliiogopa, kwa kuwa upepo wa humu huanguka ghafla.

Upande huu aliishi kijana mmoja, Gwamaka, pamoja na mama yake, Bi Tusekile. Dada yake Gwamaka, Sekela, aliolewa huko Mpata. Asubuhi mama aliuona moshi wa jiko la bintiye, lakini kumfikia hakuweza, maana magoti yalikuwa yamekwisha kumkataa. Sekela alizaa mara mbili, na mara mbili akazika. Mama alilia upande huu, binti akalia upande ule.

Alipopata mimba tena, Sekela alituma neno: "Mwambieni mama, safari hii naomba mikono yake."

Neno hilo lilimchoma Gwamaka. Alikuwa na nguvu, tena vijana walimpenda. Akawakusanya, wakachukua majembe, mapanga, nyundo na patasi, wakafyeka msitu kwa nyimbo. Kwenye mwamba mkubwa wakachonga ngazi iliyopanda moja kwa moja, kisha wakashuka moja kwa moja. Ilipokwisha, Gwamaka aliikimbia njia yote kwenda na kurudi, akakuta ugali wake bado unatoa moshi. Akajiona amemtendea mama yake jambo kubwa.

Siku ya kuifungua, kijiji kizima kilitoka. Bi Tusekile alivaa kanga yake nzuri, akafunga furushi la nguo za mtoto. Gwamaka alitangulia na wenzake, na kule Mpata wakapokewa kwa vigelegele. Sekela alikuja mbio kadiri tumbo lilivyomruhusu, akamshika kaka yake mikono yote miwili.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anakuja."

Watu wakala, wakacheza ngoma. Sekela hakula. Alikaa ameelekea njia, na kila aliyetokea hakuwa yeye. Hatimaye Gwamaka akaweka chini kibuyu chake akarudi. Moyoni aliona uchovu na hasira kidogo. Njia nimemchongea, alijisemea, sasa anataka nini tena?

Alimkuta mama yake ameketi chini ya mwamba, furushi mapajani. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Alikuwa amejaribu kupanda ngazi ile kwa mikono.

"Mama, umebakiza padogo tu! Panda mgongoni nikubebe."

"Leo utanibeba," mama akasema. "Na nikitaka kurudi? Na jirani yetu mama Lugano, asiye na mtoto wa kiume, atabebwa na nani?"

"Lakini mama, tumefanya kazi miezi hii yote kwa ajili yako."

"Najua, mwanangu, na nimeshukuru. Ila njia hii mmewachongea wanaoweza kupita hata pasipo njia."

Gwamaka akausogelea mwamba. Aliitazama ngazi, akaona kila kidato kina urefu wa paja lake mwenyewe. Siku zote zile hakuwahi hata mara moja kumuuliza mama mguu wake unainuka kiasi gani. Akachuchumaa mbele yake, hasira imemtoka.

"Basi nionyeshe. Mguu wako unafika wapi?"

Mama akainua mguu, akautua kwenye udongo kando ya mwamba, mahali pa chini. Gwamaka akapiga jembe hapo.

Tangu siku ile kazi ikaanza upya. Bi Tusekile alitangulia na mkongojo wake, vijana wakamfuata nyuma na majembe. Alipokwepa nao walikwepa. Aliposimama kuvuta pumzi, waliweka gogo la kukalia. Njia iliuacha mwamba ikateremka karibu na maji, ikapinda huku na kule.

"Imekuwa ndefu kama utumbo wa ng'ombe!" wakanung'unika baadhi yao.

"Mwenye haraka, ngazi ipo," Gwamaka akawajibu. "Aende akapande."

Kabla hawajamaliza, mtu akaja kutoka Mpata akihema: Sekela ameshikwa na uchungu. Mbele yao kulikuwa bado na kipande cha msitu. Gwamaka akamtazama mama yake, akaogopa hata kusema. Mama ndiye aliyecheka.

"Unangoja nini? Sasa nibebe! Lakini kesho urudi ukimalize kipande hiki."

Akambeba, akipasua miiba kwa kifua. Bi Tusekile aliingia chumbani kwa bintiye na majani kichwani, na mtoto akaangukia mikononi mwake. Alikuwa msichana, na alilia kwa sauti iliyosikika hadi uani. Gwamaka, aliyekuwa amekaa nje, akafunika uso akalia naye.

Kesho yake alirudi akamaliza kile kipande. Wajawazito wakapita, wazee wakapita, watoto waliojifunza kutembea jana wakapita wakishikwa vidole. Sifa za njia zikaenea, hata watu wa kijiji kingine wakamwendea Gwamaka ili awapimie njia ya kwenda kisimani kwao. Wakamsifu kwamba ana miguu ya swala.

"Miguu yangu haiwafai," akawaambia. "Nileteeni kwanza yule anayechoka kuliko wote kijijini kwenu, atutangulie. Njia hupimwa kwa mguu mchovu."